Kuiona seli kwa kitunguu: mwongozo kamili wa sehemu za seli na kazi zake

Mwanafunzi anayekariri mchoro wa seli huandika "kiini huongoza shughuli za seli" bila kukosea hata herufi. Mpe hadubini, naye atachora povu la hewa na kuliita kiini.

Kosa hilo hurudi kila muhula, kuanzia sekondari msingi hadi kidato cha nne, na halitokani na uvivu. Chanzo chake ni kuanzia kwenye mchoro wa kitabu, unaoonyesha sehemu kumi na kitu kana kwamba zote huonekana kwa pamoja. Hazionekani. Kwa hadubini ya kawaida ya shule utaona sehemu 5 au 6, na baadhi yake hazijitokezi mpaka uzilazimishe.

Kwa hiyo hapa tunaanza na macho, kisha penseli, na kitabu mwisho. Tenga vipindi viwili vya mfululizo kwa hatua za kwanza 6, na vingine viwili kwa zilizobaki.

## Vifaa

- Hadubini ya mwanga yenye lenzi ya jicho ya 10, na lenzi za chini za 4, 10 na 40. Namba hizo ni mara ngapi lenzi hukuza picha.
- Slaidi 4, na vioo vya kufunikia 6. Utavunja angalau kimoja.
- Kitunguu kikubwa chekundu 1, kigumu na kizito mkononi. Hivi vinavyouzwa Kibuye mjini Kisumu au katika masoko ya Nakuru vinafaa kabisa. Usichukue kilichoanza kuota wala kilicholegea: seli zake zimepoteza maji na ngozi itakatika ukiivuta.
- Kuvumwani kidogo, yaani vile vijimea vya kijani vinavyotandaa kama zulia kwenye ukuta wenye unyevu au chini ya tangi la maji. Kakamega na Kericho hukosi.
- Iodini. Ya maabara, ya asilimia 1, itumie ilivyo. Ukiwa na ile ya vidonda ya duka la dawa, changanya tone 1 na matone 5 ya maji.
- Maji ya chumvi: kijiko cha chai 1 cha chumvi, kilichosawazishwa, ndani ya mililita 100 za maji.
- Wembe mpya, kibano, sindano, dropa 2, karatasi ya shashi, rula ya plastiki inayopitisha mwanga, penseli ya HB iliyochongwa vizuri, na karatasi isiyo na mistari.

Ukikosa kibano, kucha safi hubandua ngozi ya kitunguu vizuri tu. Wembe butu ndio usiojaribu: huponda seli badala ya kuzikata, na kinachobaki ni uji.

## Hatua ya 1: Tayarisha hadubini kabla ya kugusa kitunguu

Ngozi ya kitunguu hukauka upesi, hasa mchana wa Kisumu. Ukiibandua kwanza ndipo uanze kutafuta mwanga, utakuta imejikunja kama karatasi iliyoungua.

Zungusha lenzi ya 4 mpaka usikie mlio mdogo wa kukaa mahali pake. Chungulia, kisha elekeza kioo cha chini upande wenye anga jeupe au dirisha angavu, hadi uone duara lote likiwa na mwanga sawasawa.

Onyo: usielekeze kioo kwenye jua lenyewe hata kidogo. Lenzi hukusanya miale na kuipeleka moja kwa moja ndani ya jicho, nayo huweza kuliharibu kabisa.

Umefaulu ukiona duara safi lisilo na kivuli upande mmoja. Vidoa vinavyozunguka unapozungusha lenzi ya jicho ni uchafu wa lenzi hiyo. Ipanguse kwa kitambaa laini cha lenzi, usiitolee upindo wa shati.

## Hatua ya 2: Pima duara unaloliona

Wengi huiruka hatua hii, kisha hulia swali la ukubwa wa seli linapokuja.

Weka rula juu ya meza ya hadubini chini ya lenzi ya 4 na uhesabu milimita kutoka ukingo hadi ukingo. Tuseme umepata milimita 4. Milimita 1 ni maikromita 1,000, kwa hiyo duara lako lina upana wa maikromita 4,000.

Ukihamia lenzi ya 10, duara hupungua kwa kiwango kilekile picha inavyokua: 4,000 × 4 ÷ 10 = maikromita 1,600. Kwa lenzi ya 40 ni maikromita 400. Andika namba hizi tatu juu ya karatasi yako. Kila hadubini ina zake, hivyo usinakili za jirani.

## Hatua ya 3: Bandua ngozi ya ndani

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo usikimbie.

Kata kitunguu mara nne kwa urefu. Tupa maganda makavu ya nje, kisha chukua tabaka nene la pili au la tatu. Upande wake uliobonyea, yaani unaotazama katikati ya kitunguu, umefunikwa na ngozi angavu isiyo na rangi. Ngozi hiyo ina unene wa seli moja tu, na ndiyo sababu kitunguu hupendwa na walimu wote.

Kwa ncha ya wembe, chora mraba wa milimita 5 kwa 5 kwenye upande huo bila kuzamisha wembe hadi nyama ya chini. Shika kona moja kwa kibano, uvute polepole ukiilaza ngozi, usiinyanyue kwenda juu. Ikitoka na chembe nyeupe za nyama, itupe na uchukue nyingine. Mahali penye tabaka mbili za seli utaona kuta zinazokatizana kama wavu uliokunjwa, na hakuna lenzi itakayoziweka sawa.

Iweke papo hapo ndani ya tone la maji lililokwisha kuwa juu ya slaidi. Ikijikunja, ikunjue kwa sindano mbili. Usiikwaruze.

Kipande kizuri hulala bapa na karibu hukioni kwa macho matupu. Kikionekana cheupe, ni kinene.

(Neno la kukutahadharisha: hii ngozi ni tishu, maelfu ya seli pamoja. Utando wa seli ni kitu kingine, tutaukuta hatua ya 7. Wanaoita vyote viwili "utando" huchanganyikiwa hadi siku ya mtihani.)

## Hatua ya 4: Tia rangi, kisha funika

Nyonya maji ya ziada kwa pembe ya shashi, halafu dondosha tone 1 la iodini juu ya ngozi. Subiri dakika 2. Kiini hunywa rangi kuliko saitoplazimu, ule ute unaokizunguka ndani ya seli. Bila rangi kipo palepale, ila kinapitisha mwanga karibu sawa na vilivyo kando yake, na jicho halikitofautishi.

Iodini ikizidi, kila kitu huwa kahawia na kiini hupotea tena. Dawa yake ni kupitisha tone la maji upande mmoja na kuinyonya kwa shashi upande wa pili.

Sasa kioo cha kufunikia. Kishike kwa kingo zake, ukisimamishe kimeinama kama nyuzi 45 huku ukingo mmoja ukigusa maji, ukiegemeze kwenye sindano, kisha ushushe sindano taratibu. Maji hutangulia na kuisukuma hewa nje. Ukikidondosha bapa, hewa hunaswa chini yake.

Namna ya kulijua povu la hewa: ni duara kamili lenye ukingo mnene mweusi na katikati nyeupe isiyo na kitu. Kiini hakina ukingo mweusi, kina rangi ya manjano iliyokolea au kahawia, na kila seli ina kimoja. Kwenye slaidi moja mapovu huwa makubwa na madogo, viini hulingana. Kama ulichokiona kimevuka mpaka wa seli mbili, basi hicho ni hewa.

Slaidi nzuri haina maji yanayotiririka nje ya kioo. Slaidi ikianza kukauka kwa joto, gusisha tone la maji kwenye ukingo wa kioo nalo litajivuta lenyewe ndani.

## Hatua ya 5: Angalia kuanzia chini kwenda juu

Anza na lenzi ya 4, daima. Ukiwa unatazama kwa pembeni, si kupitia lenzi, sogeza slaidi na lenzi zikaribiane kwa skrubu kubwa. Kisha chungulia na uanze kuzitenganisha polepole mpaka picha itulie. Anayezikaribisha huku akichungulia huvunja kioo, na wakati mwingine hukwaruza lenzi ambayo shule haina ya pili.

Tafuta sehemu ambayo seli zimepangika kama matofali na hazina mikunjo. Iweke katikati kabisa, ndipo uhamie lenzi ya 10, kisha ya 40. Kuanzia hapo gusa skrubu ndogo peke yake.

Kwa lenzi ya 10 utaona safu za seli ndefu zenye kuta wazi. Kwa ya 40 utaona haya:

Ukuta wa seli ni ule mstari mnene unaozunguka kila seli. Saitoplazimu ni ukanda mwembamba wenye chembechembe, umebanwa ukutani. Nafasi kubwa iliyo kama tupu ni vakuoli. Kiini kiko ndani ya ule ukanda wa saitoplazimu, pembeni.

"Mbona changu kiko katikati?" Kwa sababu unaitazama seli kutoka juu. Seli ni kama sanduku; kiini kilichoegemea ukuta wa juu au wa chini huonekana kana kwamba kinaelea katikati. Zungusha skrubu ndogo kidogo kidogo: utaona kiini kikitulia kwa kina tofauti na kuta za pembeni. Anayegundua jambo hili ameshaelewa kwamba seli ina urefu, upana na kina, wakati mchoro wa kitabu una viwili tu.

Ikiwa darasa zima linagombania hadubini moja, shikilia kamera ya simu juu ya lenzi ya jicho, isogeze mbele na nyuma hadi duara lijae, upige picha. Itasaidia kukumbushana, ila kuchora kufanyike kwa kuchungulia.

## Hatua ya 6: Chora ulichokiona, kipime

Chora seli 2 au 3 zilizoshikana, kubwa kiasi cha kujaza nusu ya ukurasa. Mistari iwe mmoja mmoja, usioruka wala kurudiwarudiwa. Usitie kivuli wala rangi. Mistari ya majina ipigwe kwa rula, isikatizane, isiwe na vichwa vya mishale, na iguse sehemu yenyewe. Ukiishia hewani milimita 2 kabla ya kiini, umeitaja saitoplazimu.

Ukuta una unene, basi uchore kwa mistari miwili. Usichore mitokondria, zile sehemu ndogo za kutoa nishati zilizo kwenye mchoro wa kitabu. Hukuziona.

Sasa ukubwa. Kwa lenzi ya 10, hesabu seli zinazopangana kwa urefu wake kukata duara katikati. Zikiwa 5, kila moja ina wastani wa 1,600 ÷ 5 = maikromita 320. Seli za kitunguu kwa kawaida huangukia kati ya 250 na 400, kwa hiyo ukipata 32 au 3,200 rudi kwenye hesabu, kuna sifuri iliyopotea njia.

Ukuzaji wa mchoro ni urefu wa mchoro kugawanywa kwa urefu halisi. Seli uliyoichora kwa milimita 96 ni maikromita 96,000. Gawanya kwa 320 upate mara 300. Wengi huandika "mara 100" kwa kuzidisha lenzi 10 kwa 10. Huo ni ukuzaji wa hadubini, na karatasi yako haikupita ndani ya hadubini.

## Hatua ya 7: Lazimisha utando na vakuoli vijitokeze

Utando wa seli una unene wa takriban nanomita 7 hadi 10 (nanomita 1,000 ni maikromita 1). Hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi. Hivyo ule mstari unaodhani ni utando, ulioubana chini ya ukuta, uliubahatisha. Kuna njia ya kuona ulipo, nayo inahitaji chumvi na ile rangi ya zambarau ya kitunguu chekundu.

Safari hii bandua ngozi ya upande wa *nje* wa tabaka, ule uliobenuka na wenye rangi. Hubanduka kwa shida kuliko ya ndani. Vunja tabaka kwa mkono, usilikate hadi mwisho, na uvute kipande kimoja kikitoka na ngozi inayoning'inia. Kipande cha milimita 3 kinatosha. Kiweke kwenye maji matupu, bila iodini, kwani iodini huziua seli na jaribio hili linataka seli hai.

Angalia kwa lenzi ya 10. Rangi imejaa hadi ukutani. Rangi hiyo imo ndani ya vakuoli, kwa hiyo unaiona vakuoli yenyewe kwa mara ya kwanza.

Dondosha maji ya chumvi kwenye ukingo mmoja wa kioo na uguse ukingo wa pili kwa shashi ili yavutwe kupita chini. Subiri dakika 3 hadi 5 bila kuondoa jicho kwa muda mrefu.

Rangi itaanza kujitenga na kona za seli, ikusanyike na kukolea, huku ukuta ukibaki mahali pake. Maji yametoka ndani ya vakuoli kufuata chumvi iliyo nje. Pembezoni mwa bonge lile la zambarau ndipo utando ulipo, umelizunguka kwa karibu sana pamoja na saitoplazimu nyembamba. Nafasi iliyoachwa kati ya utando na ukuta imejaa maji ya chumvi, kwa sababu ukuta huyapitisha bila kuuliza. Utando ndio unaochagua.

Vuta chumvi yote kwa maji safi namna ileile. Baada ya dakika kadhaa rangi itarudi kujaa. Isiporudi, uliiacha kwenye chumvi muda mrefu mno, au chumvi ilikuwa kali mno na utando umekufa. Mama mboga huifanya sehemu ya pili ya jaribio hili kila mchana anapoinyunyizia maji sukuma wiki iliyonyauka.

Ukimaliza, pangusa meza ya hadubini kwa kitambaa chenye maji safi, kisha kikavu. Chumvi hula chuma.

## Hatua ya 8: Tafuta kloroplasti mahali zilipo

Kitunguu hukulia gizani ardhini, na seli za tabaka zake hazina kloroplasti. Swali "kwa nini hukuziona?" linapendwa sana na watahini, na jibu "kwa sababu hadubini yetu ni dhaifu" halipati kitu.

Chomoa jani moja la kuvumwani kwa kibano. Jani lenyewe lina unene wa seli moja isipokuwa mshipa wa kati. Liweke kwenye maji, lifunike, usitie rangi yoyote. Kwa lenzi ya 40 utaona visahani vya kijani, vingi ndani ya kila seli, kila kimoja na upana wa takriban maikromita 5.

Magugu ya majini yanafaa pia, lakini usiingie ziwani kuyatafuta. Kwenye kingo za Ziwa Victoria kuna konokono wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Kuvumwani cha ukutani hakina gharama hiyo.

## Hatua ya 9: Ambatanisha kazi na ulichokiona

Sasa fungua kitabu. Gawa karatasi mara mbili: niliyoyaona, na ambayo sikuyaona. Kwa kuwa mtihani wa sayansi utaujibu kwa Kiingereza, andika jina la kitabuni kando ya kila jina la Kiswahili.

Niliyoyaona. Ukuta, wa selulosi, huipa seli umbo na kuizuia isipasuke inapojaa maji. Utando hudhibiti kinachoingia na kutoka. Saitoplazimu ndimo oganeli, yaani sehemu ndogo zenye kazi maalumu, zilimo na ndimo kemikali nyingi za seli hufanya kazi. Kiini hubeba DNA na huongoza shughuli za seli, ikiwemo kugawanyika. Vakuoli huhifadhi maji, sukari, chumvi na rangi, na msukumo wake ndio unaoifanya seli iwe ngumu. Kloroplasti hunasa mwanga na kutengeneza chakula.

Ambayo sikuyaona. Mitokondria zina upana wa nusu maikromita hadi 1, hazina rangi, na hutoa nishati kutoka kwenye chakula kwa njia ya upumuaji wa seli. Ribosomu, za nanomita 20 hadi 30, huunda protini. Retikulamu ya endoplazimu husafirisha: yenye ribosomu husafirisha protini, laini hushughulika na mafuta. Golgi hupakia na kutoa nje. Lisosomu zina vimeng'enya vya kumeng'enya vilivyochakaa. Sentrioli hushiriki katika kugawanyika kwa seli za wanyama, kitunguu hakina. Hizi nyingi zilieleweka kwa hadubini ya elektroni.

Usizikariri kama orodha ya wabunge. Uliza seli hii inafanya kazi gani, kisha ukisie itakuwa na nini kwa wingi. Seli ya msuli hufanya kazi ngumu, hivyo ina mitokondria nyingi. Seli ya tezi ya mate hutoa vimeng'enya, hivyo ina Golgi nyingi. Seli nyekundu ya damu ya binadamu iliyokomaa haina hata kiini, ili ibebe hemoglobini zaidi.

Kuhusu kufananisha seli na mji, mitokondria ikiwa kituo cha umeme: husaidia kukumbuka, hakujibu swali. Andika kazi yenyewe.

Kosa lingine sugu ni kusema mimea ina kloroplasti *badala ya* mitokondria. Ina zote mbili. Chakula kilichotengenezwa mchana lazima kivunjwe ili kitoe nishati, usiku na mchana.

## Hatua ya 10: Jipime

Siku ya kwanza, ya tatu na ya saba, chukua karatasi tupu bila kitabu na ufanye haya:

1. Chora seli ya kitunguu kama ulivyoiona, kisha kwa penseli ya rangi nyingine ongeza zisizoonekana.
2. Kwa kila sehemu andika kazi kwa sentensi moja yenye kitenzi. "Ni muhimu kwa seli" si kazi.
3. Chora seli iliyotiwa chumvi na utaje kilicho kati ya utando na ukuta.
4. Kokotoa ukubwa wa seli kwa duara la maikromita 1,500 lenye seli 6 kwa urefu. Jibu ni maikromita 250.

Ukikosea namba 3 mara mbili, usirudi kitabuni. Kata kitunguu kingine.